Kambare wa Posa

Binti yangu alisimama mlangoni, begi begani, akaninyooshea kidole. Kidole hicho nimekilea mwenyewe kwa uji na maziwa, leo kinanielekea mimi.

"Baba, huyu samaki akifa, nitajua ni wewe."

Kisha akabadilika, akainama, akaniaga kwa adabu zote kama alivyofundishwa, akaenda stendi kupanda gari la Tanga kurudi chuoni. Mama yake alicheka hadi akashikilia mlango. Mimi nikarudi kwenye cherehani yangu, mshitakiwa wa kosa ambalo lilikuwa bado halijatendeka.

Samaki mwenyewe alikuwa kambare, na alikuwa amekuja kwa posa. Najua inavyosikika. Wenzangu wakiletewa posa huletewa barua iliyofungwa kwenye leso, pengine na vitenge viwili vitatu vya kumlainisha mama. Sisi barua tulipata, na leso tulipata, lakini nyuma ya mshenga waliingia wanaume wawili wamebeba tangi la kioo, wanatembea kiubavu kama kaa, na ndani ya tangi kulikuwa na kiumbe cheusi chenye sharubu kikitutazama kama afisa wa kodi. Kijana anayemtaka binti yangu anafuga samaki Magoma, huko chini milima inakoishia, na aliona aonyeshe kazi yake kwa mfano. Mshenga, mzee wa Vuga mwenye koti la kijivu na sauti ya hotuba, alitamka: "Upande wa mume unaomba kambare huyu apokelewe kama alivyo." Nikajiuliza angepokelewa vipi tena. Kwa kukaangwa?

Kwa kuwa maji ya Lushoto yangemtesa kwa baridi, walituachia na hita, kijiti cha kioo kirefu kama rula, kinachozama majini huku waya wake ukichomekwa ukutani. Tangi likawekwa sebuleni juu ya meza ya chai, mita moja na cherehani yangu. Chai ikahamia sakafuni.

Barua ya posa sikuijibu. Nilisema tunawaza. Mwezi wa kwanza tuliwaza, wa pili tukawaza, hadi mke wangu akaniuliza kama ninawaza kwa mkono. Ukweli ni kwamba mimi ni mtu wa nyumbani. Sokoni naenda kwa kusukumwa. Mlima sijaushuka tangu cherehani ya zamani ilipokufa. Kijana sikuwa na ubaya naye. Nilichokiwaza ni kwamba Magoma ni mbali na kuna joto, kwamba binti akiolewa huko nitalazimika kumfuata kumtembelea au nikae bila kumwona, na yote mawili yalinishinda. Sababu ya namna hiyo humwambii mtu. Kwa hiyo binti alijitungia yake: Baba hamtaki. Na kama Baba hamtaki, kambare naye maisha yake yako hatarini.

Basi ikaingia baridi ya mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa unaingia sebuleni bila hodi, nami nashona na jiko la mkaa miguuni, suruali nimeikunja hadi magotini ili moto unifikie vizuri. Asubuhi moja nikitunga uzi kwenye sindano nikamwona kambare ubavuni ana kitu cheupe. Nikavaa miwani. Kilikuwa kama pamba, kimemshika upande mmoja, kinapeperuka akigeuka.

"Mama watoto," niliita, "njoo uone. Huyu bwana amevaa sweta."

Alikuja na mwiko mkononi. Hakucheka, na hapo ndipo nilipoogopa.

"Anaumwa."

"Ni vumbi hilo."

"Vumbi? Ndani ya maji?"

"Pamba ya cherehani labda imeruka."

"Imeruka ikamshona? Baba watoto, binti yako akipiga simu leo utamwambia nini?"

Binti alipiga jioni, kama kawaida yake. Alimuulizia kambare kabla ya kuniulizia presha yangu. Nikasema anaendelea vizuri, ila amependeza. Uongo wa nusu.

Huku kwetu kila mtu ni bwana shamba. Ukiishi kati ya watu wanaolala na kuamka na viazi, nyanya na kabichi, hakuna ugonjwa duniani ambao hawajauona kwenye jani. Mteja wangu mmoja wa Lukozi, mkulima wa viazi, alikuja kuchukua suruali yake, akaona tangi, akachuchumaa. Akakaa muda mrefu, kidevu mkononi, kama anayekagua shamba la jirani.

"Fundi, hili ni baka."

"Baka la viazi?"

"Lilelile. Linaanza hivihivi, upande mmoja, na baridi kama hii ya ukungu. Usicheze nalo, kesho shamba zima limekwenda."

"Shamba ni samaki mmoja."

"Ndiyo maana nakwambia uwahi." Akafikiri. "Mimi viazi vikiingia hivi, kwanza nakata majani yaliyoshikwa, nachoma moto."

Kambare akarudi nyuma hadi kwenye kona. Siwezi kuapa kwamba alisikia.

Nikaamua kwenda mwenyewe duka la pembejeo. Mimi, kwenda mjini, kwa miguu yangu, bila kusukumwa. Majirani walidhani kuna msiba. Muuzaji alinisikiliza vizuri sana. Nilimweleza kila kitu: kambare, pamba, ubavu. Hakushangaa hata kidogo, na hilo lingenitosha kujua kwamba akili yake bado iko kwenye nyanya.

"Unatumia pampu ya lita ngapi?"

"Situmii pampu. Yuko kwenye tangi."

"Tangi la lita ngapi?"

"Kama themanini."

"Hizo ni pampu nne." Akashusha pakiti ya unga wa buluu. "Hii ni ya ukungu wote. Kizibo kimoja kila pampu. Halafu ukishapiga, usivune ndani ya wiki mbili."

"Huyu havunwi. Ni wa posa."

"Basi wewe huna shida kabisa," alisema, akanifungia.

Nyumbani niliigeuza pakiti ile huku na huku. Nimesoma hadi kidato cha nne, na maandishi ya pakiti yalikuwa madogo kama mayai ya chawa, tena kwa Kiingereza cha wataalamu. Lakini chini kabisa kulikuwa na picha, na picha hazihitaji kidato. Kulikuwa na picha ya mtu amevaa glavu. Kulikuwa na picha ya mtu ananawa mikono. Na pembeni yake, nawaapia, kulikuwa na picha ya samaki.

Moyo wangu ulitulia. Nikajisemea, kumbe hawa watu wa viwandani wanafikiria kila kitu. Nikafungua pakiti kwa meno, nikachukua kizibo, nikasimama juu ya tangi kama daktari bingwa.

"Umeshika nini?" Mke wangu alikuwa mlangoni.

"Dawa yake. Tazama, hadi picha yake wameweka."

Alininyang'anya. Yeye aliishia darasa la saba, lakini amepiga dawa mashambani miaka mingi, na kifua kinamsumbua hadi leo. Alitazama ile picha, akanitazama mimi, akaanza kuongea Kishambaa, na mke wangu akiingia Kishambaa kwa kasi ile ujue Kiswahili kimemwishia makali. Nikivuta mstari mmoja wa maneno yake na kuusafisha, alisema picha ile imewekwa kwa sababu dawa ile inaua samaki. Ndiyo maana wanatuambia kila siku tusioshee pampu mtoni.

"Sasa mbona hawakuweka msalaba juu yake?"

"Walidhani wanaosoma wana akili!"

Nikakaa chini. Fikiria: kambare anaelea tumbo juu, pakiti ya sumu imefunguliwa mezani, imefunguliwa kwa meno yangu. Ningemweleza nini mtoto? Kwamba nilifuata picha?

"Mpigie kijana wa Magoma umuulize," mke wangu alisema, sasa kwa Kiswahili. "Yeye ndiye mwenye samaki."

"Nimpigieje? Mimi na yeye bado hatujajuana."

Hapo hakubisha. Baba wa binti hazungumzi na mposaji kabla hajatoa jibu. Ulimi wa kijana ni mshenga, na ulimi mwingine hana. Ningempigia, ningekuwa nimeruka ukuta wa nyumba yangu mwenyewe. Kwa hiyo tukampigia mshenga. Akafika alasiri kwa bodaboda, koti la kijivu limefungwa vifungo vyote, karatasi ya sukari mkononi kwa sababu, alisema, mshenga haji mikono mitupu hata kama ameitiwa upele.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nimeambiwa kuna neno."

"Neno ni ubavu wa kambare."

Akatikisa kichwa kwa uzito kana kwamba nimetaja mahari. Sebuleni kwetu simu haishiki, mpaka usimame nje karibu na banda la kuku. Basi mashauriano yalikwenda hivi: mzee anatoka nje, anampigia kijana, anaweka spika kwa sababu ya masikio yake, anauliza, anajibiwa, anarudi ndani, anakaa, anakohoa, ananieleza. Dirisha lilikuwa wazi. Nilisikia kila neno la kijana, na kila neno nikajifanya sijalisikia, maana kwa desturi kijana huyo alikuwa bado hajazaliwa.

"Mzee, muulize baba," sauti ilisema huko kwa kuku, "ile nyeupe ni kama pamba, au ni vidoa vidogo kama chembe za chumvi?"

"Sema upande wa mke."

"Uulize upande wa mke, ni pamba au chembe?"

Mzee akarudi, akakaa, akakohoa. "Upande wa mume unauliza kwa heshima: ni pamba au ni chembe?"

"Pamba."

Akatoka. Kuku wakampisha. Akarudi. Upande wa mume unauliza, je, anajisugua kwenye mawe? Hajisugui. Ute wake wa mwilini umekuwa mzito na wa kijivu? Hapana, mahali pengine anang'aa kama kawaida. Nikaongeza la kwangu, lililokuwa likininyima usingizi: mara kwa mara anapanda juu, anatoa mdomo, anameza hewa, kama mtu anayekata roho. Mzee akalipeleka. Nikasikia kijana anacheka, kisha anajizuia.

Mzee akarudi, uso kavu. "Upande wa mume unasema kambare ndivyo alivyoumbwa, huvuta hewa ya juu. Unaomba upande wa mke usiwe na hofu."

"Sikuwa na hofu."

"Nitawafikishia."

Swali lililofuata lilikuwa kama doa liko pande zote mbili. Tukasogea wote watatu tukainama mbele ya kioo. Liko kushoto tu. Chini ya ile pamba ngozi ilikuwa imepauka, na mpauko wenyewe ulikuwa mstari, mrefu, mnyoofu kama uliopigwa kwa rula. Ugonjwa gani unapiga mistari? Mimi kama fundi nilijua mstari mnyoofu hautokei wenyewe.

Mke wangu ndiye aliyeacha kumtazama kambare akaanza kutazama miguu yangu. Suruali ilikuwa bado imekunjwa. Mtu yeyote aliyekaa baridi ya milima hii na jiko miguuni anaijua miundi yangu ilivyo: mabaka ya kahawia, yamefumana kama wavu, kazi ya moto wa miaka mingi.

"Huyu samaki ni wewe," alisema.

"Heshima basi, mbele ya mgeni."

"Analala wapi usiku? Mwone. Analala ameegemea hita! Anajibanika kama wewe unavyojibanika hapo!"

Na kweli, wakati anaongea, kambare alizunguka polepole, akajipanga sambamba na kile kijiti, akakiegemea kwa ubavu wa kushoto, akatulia. Sharubu zikalegea kwa raha. Mshenga akakunja suruali yake kidogo, akatuonyesha miundi ya Vuga. Yake ilikuwa na mabaka kuliko yangu. Akaikunjua, akatoka nje kwenda kutoa taarifa.

Kijana alithibitisha kwa haraka. Kambare hana magamba, ni ngozi tupu, akiegemea hita anaungua polepole bila kujua. Kisha ukungu wa majini unakuja kuota juu ya kidonda. Dawa kali asipewe hata kidogo, kwa sababu ngozi tupu inakunywa kila kitu. Atengwe kwenye ndoo ya maji ya uvuguvugu uleule, chumvi kidogo tu, kijiko cha chai kwa lita tano. Maji ya tangi yapunguzwe sehemu kila siku na kuongezwa mengine yaliyolala usiku kucha, si ya bomba moja kwa moja. Na hita izungushiwe kitu asiifikie. "Na kama kuna mtu ana wazo la kutumia dawa ya viazi," aliongeza, "mzee, tafadhali, mzuie."

Nilitazama dari.

Kumkamata ndiko kulikonivunjia heshima. Tuliambiwa tusitumie wavu kwa sababu miiba ya mapezi yake inanasa, tutumie kitambaa laini kilicholowa. Kitambaa ninacho, nikachukua bitana ya koti la arusi la mtu, ya hariri bandia, nikailoweka. Nikamfunga vizuri, nikamwinua, akatoka upande wa pili kama sabuni. Alianguka sakafuni, na badala ya kurukaruka kama samaki mwenye aibu zake, akaanza kutembea. Alitembea kwa mapezi hadi chini ya cherehani, akapita kwenye pedali, akaelekea kwa mshenga. Mzee alipanda juu ya kiti na koti lake.

"Mpokeeni!" alipiga kelele. "Mpokeeni upande wa mke!"

Nilimpokea kwa tumbo. Mwiba ulinichoma kiganja hadi nikasema neno ambalo mzee aliamua kutolifikisha Magoma.

Iliyobaki ilikuwa hita, na hapo nikaona ni zamu yangu, kwa kuwa kuvisha ndiyo kazi inayonilisha. Nilipima urefu, nikapima mzunguko, nikachukua chandarua cha zamani. Mzee alipokwenda kuarifu kwamba fundi anashona koti la chandarua, kijana alipaza sauti hadi kuku wakakimbia: vyandarua vina dawa ya wadudu, itamuua! Ilikuwa mara ya pili siku hiyo naponea chupuchupu kuwa muuaji. Nikatafuta mfuko wa nyavu wa vitunguu, ule mwekundu, mke wangu akauosha mara mbili, nikautia duara za waya ili usiiguse hita, wala kambare asikiguse kioo chake. Likawa koti zuri. Pindo lilinyooka. Hakuna aliyelipongeza.

Tukaanza uuguzi. Kila asubuhi kabla ya kugusa kazi ya mtu nilibadilisha maji, na kila asubuhi mzee wa Vuga alipiga simu kuuliza hali kwa niaba ya upande wa mume, nami nikijibu kwa niaba ya upande wa mke. Ile pamba ilianza kupungua. Chini yake ikaonekana ngozi ya waridi, kisha ya kijivu. Alikuwa hataki kula, halafu siku moja akala dagaa mmoja, halafu akala wote na kutafuta kidole changu, ndipo nikamtoa kwenye ndoo nikamrudisha tangini. Nilimwambia mke wangu, akaniambia nishushe sauti, mtoto wa jirani amelala.

Binti alikuja likizo bila kutoa taarifa. Nilijua maana yake. Askari hawatoi taarifa.

"Shikamoo, baba," aliliambia tangi.

"Marahaba," nikajibu kutoka nyuma ya cherehani.

Aliinama muda mrefu. Ubavuni kovu lilikuwepo bado, mstari mweusi kidogo kuliko mwili. Alipogeuka macho yake yalikuwa yamelowa, na sikupenda.

"Mzee wa Vuga, kwa alivyoambiwa na mama, amemsimulia mwenzangu wa Magoma kila kitu. Amesema ulinunua sumu. Amesema ulisimama juu ya tangi na kizibo."

Sikuwa na utetezi zaidi ya ule nilionao. Nikaitoa pakiti mvunguni mwa kabati, nikampa, nikamwonyesha kwa kidole. "Tazama hapa chini. Wameweka samaki. Nikajua ni ya samaki."

Alitazama picha. Akanitazama. Akamtazama mama yake.

"Usiniangalie mimi," mama yake alisema. "Nilimkuta ameshaifungua kwa meno. Ana furaha."

Binti alikaa sakafuni. Nilidhani analia, na labda alianza hivyo, lakini sauti iliyotoka ilikuwa ya kicheko, kile cha kwake cha utotoni kinachomkata pumzi. Alijaribu kuongea mara tatu.

"Samahani, baba," alisema hatimaye, "lakini mtu anayetaka kuua hawezi kutunga hii. Hakuna anayeweza. Nimekuamini."

Sijawahi kusafishwa jina kwa namna ya kudhalilisha hivyo, na sijawahi kushukuru kama siku ile. Aliendelea kukaa pale chini, mgongo ameegemeza kwenye mguu wa cherehani, kama alipokuwa mdogo akinisubiri nimmalizie sare za shule. Nikamwambia basi. Nikamwambia Magoma ni mbali, na kuna joto, na mimi unanijua. Hakucheka safari hii.

"Ndiyo hilo tu, baba?"

"Kwani dogo?"

Akatoa simu yake, akapiga, tukatoka wote wawili hadi kwa kuku. Nilitaka kusema desturi, nikakumbuka niliyemwona akitembea sakafuni kwa mapezi sebuleni kwangu, nikaona desturi ilishajionea mengi. Akanipa simu.

"Shikamoo, baba," ilisema sauti niliyoisikia dirishani alasiri ile ya mshenga.

"Marahaba. Ni mimi." Nikakohoa kama mshenga. "Anakula vizuri. Jana amekula wote."

"Alhamdulillahi."

Kuku mmoja alinipanda mguuni.

"Huko kwenu," nikamuuliza, "mtu wa baridi akija, anakaa upande gani wa nyumba?"

"Wa nyuma, baba. Kuna kivuli, na upepo wa mabwawa." Akasita. "Lakini, baba, mzee wetu wa Vuga akisikia tumeongea mimi na wewe bila yeye kuwepo, atakasirika sana."

Nikamtazama binti yangu, aliyekuwa amegeukia ukuta ili nisimwone uso.

"Basi," nikasema, "usimwambie."